Mwongozo Kamili wa Kebo za Umeme Unapounganisha Kompyuta

Msimu mmoja wa korosho, mtunza hesabu wa chama cha msingi kimoja cha huku kwetu Mtwara aliniletea kompyuta iliyokuwa ikizimika yenyewe kila baada ya dakika chache. Niliipima, nikaona pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imechoka, nikaagiza nyingine ya wati 550 kutoka Kariakoo, ya kampuni ileile iliyotengeneza ile ya kwanza. Ilipofika kwa basi niliichomoa ya zamani, lakini kebo zake zinazokwenda kwenye diski niliziacha ndani ya kasha, kwa sababu zilikuwa zimeshapitishwa nyuma ya bamba na kufungwa vizuri, na nilipozichomeka kwenye pawa saplai mpya ziliingia bila kugoma. Nikawasha. Feni ilizunguka kidogo ikasimama, ukasikika mlio mdogo kama wa chumvi inayotupwa motoni, na harufu ikajaa chumbani. Nilipoitoa SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, niliona nukta nyeusi, ndogo kuliko punje ya mchele, kando kabisa ya pini za umeme. Diski ya pili, iliyokuwa na hesabu za mizani za msimu mzima, nayo ilikuwa kimya.

Kosa lile lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi walioingia katika shimo hilohilo, wakiwamo mafundi wazoefu. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yeyote anayeunganisha kompyuta mwenyewe, iwe Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Newala, mahali ambapo kifaa kikiungua hakuna duka la mtaa wa pili la kukimbilia: ni kuagiza upya Dar es Salaam, kulipa nauli ya mzigo, na kusubiri. Jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote ni kwamba kebo kuingia kwenye tundu hakuthibitishi kuwa kebo hiyo ni ya tundu hilo.

Kwa nini kebo inayoingia inaweza kuunguza

Kompyuta nyingi za mezani hufuata kiwango kinachoitwa ATX, ambacho kampuni ya Intel ilikitoa mwaka 1995. Kiwango hicho, pamoja na viwango vingine vilivyofuata, vinaeleza mpangilio wa pini upande wa kifaa: upande unaoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwenye diski, au kwenye kadi ya picha. Ndiyo maana diski ya SATA, aina ya kawaida ya muunganisho wa diski, iliyotengenezwa popote duniani itakubali konekta ya SATA ya pawa saplai yoyote.

Upande wa pili wa kebo, yaani ule unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe, hakuna kiwango kinachoulinda. Katika pawa saplai ambazo kebo zake huchomoka, kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na kampuni moja inaweza kubadili mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Matundu yenyewe hununuliwa kutoka kwa watengenezaji wa konekta zinazofanana, kwa hiyo umbo linaweza kuwa moja huku pini iliyokuwa ikitoa volti 5 katika pawa saplai moja ikitoa volti 12 katika nyingine. Hicho ndicho kilichotokea mezani kwangu. SSD ya SATA huendeshwa kwa volti 5. Ilipopokea 12, haikuwa na namna ya kupona. Mazabodi ilisalimika kwa bahati tu, kwa sababu kebo ya zamani ya pini 24 ilikuwa fupi nikaamua kutumia ile mpya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina nafasi ya mjadala: ukibadilisha pawa saplai, toa kebo zote za zamani, hata kama zimepangwa vizuri kiasi gani, na hata kama jina lililoandikwa kwenye maboksi mawili ni lilelile. Ukiuziwa pawa saplai iliyotumika isiyo na kebo zake, bei yake inapaswa kuwa ndogo sana, na mimi binafsi siinunui kwa bei yoyote.

Hatua ya kwanza: soma lebo ya pawa saplai

Kabla hujagusa kebo, geuza pawa saplai usome lebo yake. Namba kubwa ya wati iliyoandikwa juu ya boksi haitoshi. Tafuta kwenye jedwali safu ya volti 12, kwa sababu prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya picha hula umeme wa volti 12, kisha zidisha ampia zake kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 na yenye ampia 38 kwenye volti 12 inatoa wati 456 pale panapohitajika. Nyingine iliyoandikwa wati 500 hizohizo lakini yenye ampia 15 inatoa wati 180 tu, na hiyo hata kadi ya picha ya kawaida itaishinda. Namba zote mbili zimechapishwa kwenye lebo. Anayezisoma kabla ya kulipa anaokoa fedha nyingi.

Halafu angalia nyuma, karibu na tundu la kebo ya ukutani. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani na za bei ya chini, zina kiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kifaa kilichotoka Marekani kinaweza kuwa kimewekwa kwenye 115, na ukikichomeka ukutani hivyo kitapasuka kwa kishindo mara moja. Tumia bisibisi bapa kusogeza kiswichi hadi 230 isomeke, na ufanye hivyo kebo ikiwa haijachomekwa. Pawa saplai zisizo na kiswichi hicho nyingi hujirekebisha zenyewe, ila thibitisha kwenye lebo kwamba zinakubali volti 230, maana zipo zilizotengenezwa kwa nchi za volti 115 peke yake.

Neno kuhusu kompyuta za ofisi zilizotumika, ambazo huku kwetu ni nyingi kuliko zilizounganishwa upya. Mashine nyingi za Dell na HP za aina hiyo hazitumii kebo ya pini 24. Zina konekta za pini 6 au 8 zenye mpangilio wa kampuni husika. Konekta hizo zinaweza kufanana kwa umbo na konekta za kadi ya picha, jambo linalomshawishi mtu kujaribu. Usijaribu. Zipo adapta zinazotengenezwa kwa ajili ya modeli maalumu, na jina la modeli lililo kwenye adapta lazima lilingane na la mashine yako neno kwa neno.

Hatua ya pili: zitambue kebo zikiwa mezani

Zitandaze kebo zote mezani, au juu ya mkeka mkavu, kabla ya kuingiza hata moja ndani ya kasha. Utaiona kebo kubwa ya pini 24 inayokwenda kwenye mazabodi, ambayo mara nyingi ina kipande cha pini 4 kinachochomoka pembeni. Utaziona kebo nyembamba za SATA zenye mdomo bapa wenye kona kama herufi L, na pengine kebo ya zamani ya pini nne kubwa ambayo wengi huiita Molex. Hizo hazisumbui sana. Zinazosumbua, na zinazogharimu, ni mbili zenye pini 8.

Ya kwanza ni ya prosesa. Ya pili ni ya kadi ya picha. Zote zina pini 8 katika safu mbili za nne nne, zote ni nyeusi katika pawa saplai za kisasa, na mtu anayefanya kazi kwa mwanga hafifu anaweza kuzichanganya. Tofauti yao ni ya kuogopesha: zimegeuzana. Katika kebo ya prosesa, nyaya nne za volti 12 ziko upande wenye kilimi cha kufungia, na nyaya za graundi, yaani za kurudishia umeme, ziko upande wa pili. Katika kebo ya kadi ya picha, nyaya za graundi ziko upande wenye kilimi, na volti 12 ziko upande usio na kilimi. Ukifanikiwa kuilazimisha moja kuingia mahali pa nyingine, umeunganisha volti 12 na graundi moja kwa moja. Ukibahatika, pawa saplai itajizima yenyewe; usipobahatika, mazabodi au kadi itaungua.

Watengenezaji waliliona hilo, wakazipa pini maumbo tofauti, nyingine za mraba na nyingine zilizokatwa kona, ili konekta isiyo yake igome. Lakini plastiki ni plastiki, na kidole gumba chenye nguvu huishinda. Kwa hiyo tazama namna kebo inavyogawanyika. Ya prosesa hugawanyika katikati, pini 4 na pini 4. Ya kadi ya picha hugawanyika pini 6 na pini 2. Alama hiyo haitegemei rangi wala maandishi, nami huitazama kila mara hata pale ambapo konekta imeandikwa CPU au PCI-E waziwazi. Na ukihisi kebo inagoma, acha kusukuma. Konekta sahihi huingia kwa msukumo wa wastani na kumalizia kwa mlio wa kilimi kujifunga.

Kama kebo zako ni za rangi, una faida. Katika kiwango cha ATX, njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni graundi, zambarau ni volti 5 zinazobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kijani ni waya wa kuamuru pawa saplai iwake. Inafaa kuzikariri rangi hizo, kwa sababu hatua inayofuata inazitegemea.

Hatua ya tatu: pima kabla ya kuunganisha

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo ningekuwa nimeiokoa diski ya yule mtunza hesabu. Kipimo chote kinahitaji multimita (mita ya kupima umeme) ya kawaida, ile ambayo kila fundi redio anayo, na dakika kumi.

Weka pawa saplai mezani ikiwa haijaunganishwa na kifaa chochote cha kompyuta, na kebo ya ukutani ikiwa nje. Chomeka kebo zake unazokusudia kuzitumia. Sasa unahitaji kuilazimisha iwake bila mazabodi, na unafanya hivyo kwa kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi wowote kwenye ile konekta ya pini 24, kwa kipande kifupi cha waya wa shaba wenye ganda. Kama kebo zote ni nyeusi, na konekta yako ina kile kipande cha pini 4 kinachochomoka, shika konekta utafute safu yenye kilimi, kisha anza kuhesabu kutoka ule mwisho usio na kipande kinachochomoka: pini ya nne ndiyo ya kuamuru, na ya tano ni graundi. Ziunganishe hizo mbili. Hesabu mara mbili, halafu ndipo uchomeke kebo ya ukutani na kuwasha. Feni ya pawa saplai ikianza kuzunguka, iko hai. Zipo zisizozungusha feni mpaka zipate joto, kwa hiyo amini mita kuliko feni.

Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20. Waya wa mita ulio mweusi uguse graundi, na mwekundu uguse pini unayoipima. Volti 12 ziwe kati ya 11.40 na 12.60, volti 5 ziwe kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 ziwe kati ya 3.14 na 3.46. Kwa kawaida kiwango kinaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 5.

Kwenye SATA, ambako makosa ya kebo huua data, kuna njia rahisi ambayo sijaiona ikifundishwa vya kutosha. Konekta ya SATA kwa kawaida huingiwa na nyaya tano, kwa mpangilio huu: volti 3.3, graundi, volti 5, graundi, volti 12. Waya wa katikati ndio wa volti 5, na unabaki wa katikati hata ukiishika konekta juu chini. Funga sindano nyembamba kwenye ncha ya mita, gusa kipande cha shaba cha katikati, usome. Ukiona 5, endelea. Ukiona 12, umeokoa diski. Kebo nyingine zina nyaya nne tu kwa sababu volti 3.3 zimeachwa, hapo anzia upande wa volti 12 na uhesabu graundi, kisha 5. Angalia sindano isiguse pini mbili kwa pamoja, maana utapiga shoti.

Ukimaliza, zima swichi ya ukuta, chomoa kebo, ndipo uondoe ule waya wa shaba. Na katika kazi hii yote usifungue sanduku la pawa saplai lenyewe. Ndani mna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme muda baada ya kuchomolewa ukutani.

Hatua ya nne: unganisha hadi mwisho wa tundu

Ili uelewe kwa nini konekta isiyokaza inayeyuka, fikiria hesabu hii. Kifaa kinachokula wati 300 kwa umeme wa ukutani wa volti 230 huvuta ampia 1.3 hivi. Wati hizo 300 zikipita kwenye kebo ya volti 12 zinakuwa ampia 25. Na joto linalozaliwa kwenye mguso wa pini huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto linakuwa mara nne. Pini iliyoingia nusu ina mguso mdogo, mguso mdogo una ukinzani mkubwa, na ukinzani huo unageuka kuwa moto ndani ya plastiki.

Anza na kebo ya prosesa, kwa sababu tundu lake liko kwenye kona ya juu ya mazabodi na ukishafunga kipoza cha prosesa mkono hautapita. Fuata na ya pini 24, ambayo ni ngumu. Shikilia ukingo wa mazabodi kwa mkono mwingine isipinde. Baada ya kila konekta, ivute kidogo bila kubonyeza kilimi. Ikitoka, haikuwa imeingia. Fanya hivyo pande zote mbili za kebo, maana upande wa pawa saplai ndio unaosahauliwa.

Kadi ya picha inastahili uangalifu wa pekee. Tundu la mazabodi lenyewe huipa kadi hadi wati 75, konekta ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 iunganishwe kwa kebo mbili zinazotoka sehemu mbili za pawa saplai. Kebo moja yenye vichwa viwili inaingia, na kompyuta itawaka, lakini waya uleule unabeba mzigo wa mbili, na kadi kubwa ikianza kazi nzito utaona mashine ikizima au konekta ikibadilika rangi.

Kadi mpya kubwa zina konekta ndogo ya pini 16, iliyoanza kutumika kwa upana mwaka 2022. Inaruhusiwa kubeba wati 600, yaani ampia 50, zinazogawanywa kwa pini sita: zaidi ya ampia 8 kwa kila pini. Linganisha na konekta ya zamani ya pini 8, ambayo kila pini yake ya volti 12 hubeba kama ampia 4. Mwishoni mwa mwaka 2022 wamiliki wa kadi za picha za RTX 4090 walianza kuonyesha konekta zilizoyeyuka, na Nvidia, kampuni ya kadi hizo, ilieleza kwamba sababu kubwa iliyoiona ni konekta kutoingizwa hadi mwisho. Mwaka 2023 muundo huo ulirekebishwa kwa kufupisha pini ndogo za ishara, ili konekta isipofika mwisho kadi isivute umeme mwingi. Kama unayo kadi ya namna hiyo, isukume konekta hadi pasionekane mwanya wowote kati ya plastiki mbili, tumia tochi ya simu kuhakikisha, na usiikunje kebo karibu na konekta. Iache inyooke walau sentimita tatu na nusu kabla ya kona ya kwanza.

Jambo jingine linatuhusu sisi watu wa pwani. Hewa ya Mtwara na Lindi ina chumvi na unyevu, na pini zilizokaa muda mrefu bila kutumika hupata ukungu wa kijani au weusi. Kifaa kilichotumika ukikinunua mjini hapa, mulika ndani ya matundu kabla ya kulipa. Uchafu mwepesi husafishwa kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki, ya asilimia 90 au zaidi, kwa brashi laini, kisha unaacha pakauke kabisa. Usitumie msasa, kwa maana utaondoa utando wa madini unaoilinda pini, na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Pini iliyokwisha kuwa ya kahawia kwa joto haisafishiki. Kebo hiyo ni ya kutupwa.

Hatua ya tano: jihadhari na adapta

Adapta huvutia kwa sababu ni za bei nafuu na zinatatua tatizo papo hapo. Mbili kati yake nazikataa. Ya kwanza ni ile inayogeuza SATA kuwa pini 6 za kadi ya picha. Konekta ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampia 1.5, jumla ampia 4.5, ambazo ni wati 54. Kadi inaruhusiwa kuvuta wati 75 kupitia pini 6. Adapta hiyo imeahidi kitu ambacho konekta yake haiwezi kutoa, na matokeo yake ni plastiki kuyeyuka.

Ya pili ni ile inayogeuza Molex kuwa SATA, ambayo kichwa chake cha SATA kimemiminwa plastiki moja isiyo na kiungo. Ndani ya plastiki hiyo nyaya zinaweza kuwa zimekaribiana mno, na baada ya miezi ya joto zikagusana na kuwaka. Kama huna budi kutumia adapta ya aina hii, chagua yenye kifuniko kinachobanwa juu ya nyaya, ambamo unauona kila waya ukiingia mahali pake.

Hatua ya sita: kebo ya ukutani, ethi na ekstensheni

Kebo inayotoka kwenye pawa saplai kwenda ukutani hudharauliwa kwa sababu zote zinafanana. Shika ganda lake usome: unene wa shaba huandikwa hapo, 0.75 au 1.0, kwa milimita za mraba. Kebo isiyoandikwa chochote, nyepesi mkononi kama uzi, usiiamini kwa mashine yenye kadi kubwa. Plagi iwe ya pini tatu yenye fyuzi ndani.

Pini ya tatu ni ethi, yaani njia ya usalama inayopeleka umeme ardhini, na watu huikata au kutumia adapta ya pini mbili ili plagi iingie. Hapo ndipo kasha la kompyuta linapoanza kuwasha vidole ukiligusa ukiwa peku. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo zinazopeleka kelele za umeme kwenye bati la kasha kwa kutegemea ethi iziondoe. Ethi isipokuwapo, bati lenyewe hupanda hadi karibu nusu ya volti za ukuta. Mkondo wake ni mdogo, lakini ukichomeka kebo ya HDMI kwenye televisheni iliyounganishwa vinginevyo, tundu la HDMI linaweza kufa. Nyumba nyingi za pwani zimejengwa juu ya mchanga, na mchanga mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo ya ethi iliyochomekwa kijuujuu inaweza kuwapo bila kufanya kazi. Mwite fundi umeme aipime kwa kifaa chake.

Kompyuta isigawane ekstensheni na pasi, jagi la umeme wala friji. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukuta na usubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu volti za mwanzo mara nyingi hazijatulia. Ukiweza kununua UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, soma wati zake na si VA (volti-ampia) peke yake: nyingi za VA 650 hazifiki wati 400.

Hatua ya saba: kuwasha mara ya kwanza

Washa mara ya kwanza ukiwa na mazabodi, prosesa, RAM na kipoza tu. Diski yenye data iwe ya mwisho kabisa kuunganishwa, baada ya kila kitu kingine kuonyesha uzima. Mkono mmoja uwe kwenye swichi ya ukuta, na pua iwe macho kama sikio. Mashine ikiwaka na kuzima papo hapo, usiijaribu tena na tena. Mara nyingi pawa saplai imehisi shoti na inajilinda, na kila jaribio linaongeza hatari. Chomoa, kagua ile kebo ya prosesa na ya kadi, kisha rudi kwenye multimita.

Ikiwa imewaka vizuri, ongeza kadi, kisha diski. Iache ifanye kazi nzito kwa nusu saa, izime, na uguse konekta moja baada ya nyingine. Uvuguvugu ni kawaida. Konekta isiyoshikika kwa joto irudishwe mezani.

Na kama ajali imeshatokea, usikate tamaa juu ya data kabla ya wakati. Diski nyingi za kuzunguka zina diodi ndogo za ulinzi kwenye njia za volti 5 na 12, ambazo volti zikizidi hupiga shoti zenyewe ili kuilinda bodi. Fundi mwenye vifaa vidogo vya kuchomelea anaweza kuipima diodi iliyopiga shoti na kuiondoa, diski ikazunguka tena kwa muda wa kutosha kunakili mafaili, mradi iunganishwe kwenye pawa saplai iliyokwisha kupimwa, kwa sababu diski haina ulinzi huo tena. Hivyo ndivyo hesabu za kile chama zilivyopatikana. SSD yake haikurudi, nami nililipa nyingine.

Kebo zilizobaki baada ya kazi zitie kwenye mfuko mmoja, uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika jina na modeli ya pawa saplai zilikotoka, na mfuko ukae ndani ya boksi la pawa saplai hiyo. Pawa saplai ikifa, kebo zake hazina kazi nyingine. Zile za siku ile nilizikata ncha zote mbili kwa koleo, asije mtu akaziokota kwenye droo ya karakana yangu akaziona bado nzima.